Kiti cha Darini

Wa kwanza kusema kwamba kuna mtu darini kwetu alikuwa mama mkwe wangu, na sisi tukaona ni uzee unaanza kumchukua akili.

Alikuwa na mwaka na ushei tangu aje kutoka Pemba kuishi nasi hapa Wembley. Tulimpa chumba cha nyuma, ghorofani, kwa sababu kina dirisha linaloangalia kibustani na kiko karibu na choo. Nyumba yetu ni ya safu, ya matofali mekundu, imeshikana ukuta kwa ukuta na wenziwe kutoka kona hadi kona, na paa moja refu limezifunika zote. Wakati wa baridi chumba kile kilikuwa starehe. Kiangazi kilipoingia na jua likashika, kiligeuka tanuri. Vigae vilipashwa moto tangu asubuhi, na ikifika alasiri ukinyoosha mkono ukagusa dari, ulikuta joto kama ubavu wa birika.

"Hata kwetu kuna joto," mama alisema, "lakini kwetu lina pa kutokea."

Joto hilo alilivumilia. Kilichomshinda ni zile hatua.

"Kuna mtu yumo juu," aliniambia siku moja nilipompelekea chai. "Anatembea, halafu anakaa. N'nasikia anavyojibweteka."

"Ni njiwa, mama."

"Njiwa anakohoa?"

Nilimwambia mume wangu. Yeye ni dereva wa basi, na siku hiyo alikuwa amerudi zamu ya alfajiri, macho yanamfumba. Hata hivyo alichukua tochi, akapanda ngazi, akasukuma kifuniko cha dari kilicho juu ya ukumbi mdogo wa ghorofani, akaingiza kichwa na mabega. Akamulika kushoto, akamulika kulia, pale pale tunduni. Aliona sufi ya manjano iliyotandazwa baina ya boriti kuzuia baridi, tangi kuukuu la maji lisilotumika, na dohani pana ya matofali inayopanda hadi paani. Akashuka akijipangusa utando wa buibui.

"Hakuna kitu. Labda kindi."

Mama alimtazama mwanawe kama anayemtazama mtoto aliyeshindwa hesabu. "Kindi wako anakuja saa tisa za mchana, kila siku, kama mtu aliyeajiriwa."

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani, maana bila ya hilo yaliyofuata hayataeleweka. Mimi si mwepesi wa kuamini. Nimelelewa Pemba katika nyumba ambayo redio ilikuwa ikifunguliwa sauti ya juu ili wapita njia wasisikie wazee wanasema nini sebuleni. Baba yangu alikuwa akituambia watoto kwamba ukuta una mwenyewe. Nilipokuja London nilidhani nimeyaacha hayo, lakini mtu akigonga mlango na kadi shingoni akasema anatoka kampuni fulani, bado namsemesha kupitia tundu la barua. Basi ajabu ni kwamba mimi, mwenye tabia hiyo, nilipoambiwa kuna mtu juu ya kichwa chetu, sikumshuku mtu yeyote isipokuwa bibi wa watu aliyekuwa akinieleza ukweli.

Kazi yangu ni kupokea wagonjwa kwenye kituo cha daktari. Kila wiki naona familia zinazoleta wazazi wakiwa wamechelewa, mzee hajui tena jina la mwanawe. Nikaanza kumpima mama kwa macho. Alipoteza miwani yake mara mbili. Siku moja aliniita kwa jina la dada yake. Nikayajumlisha hayo na hatua za darini, nikamwomba daktari wetu amwandikie barua ya kliniki ya kumbukumbu. Tarehe ilipopatikana nilimweleza mama kwa sauti laini kwamba watamtazama kichwa kidogo, ni jambo la kawaida kwa watu wa umri wake.

Alisubiri nishuke ngazi, akampigia simu dada yake aliyeko Wete. Mlango wake ulikuwa wazi na nilimsikia.

"Wananipeleka kupimwa wazimu," alisema. "Kwa sababu nimesema n'nasikia mtu."

Tangu siku ile hatua zikakoma. Mama mwenyewe ndiye aliyetuambia, kwa shingo upande: "Siku hizi haji." Mimi nikajipa sifa. Kituoni tunawaambia watu kwamba mzee asipokunywa maji ya kutosha wakati wa joto huchanganyikiwa, na nilikuwa nimeanza kumwekea jagi la maji kila asubuhi na kurudi kulikagua jioni. Nilimwambia mume wangu, "Umeona? Maji tu." Alifurahi. Baada ya wiki mbili nilimuuliza mama kama yule mtu amerudi, akasema hapana, lakini aligeuza uso dirishani alipokuwa akisema. Nilidhani ameona haya. Kumbe alikuwa ameamua kutotuambia kitu tena.

Joto lilizidi. Mama akawa hali chakula, anashinda na kitambaa kibichi kifuani. Feni ilikuwa ikizungusha hewa ileile ya moto. Dereva mwenzake mume wangu akamwambia kuna karatasi ya alumini, foili nene, inayopigiliwa chini ya makombamoyo, zile mbao za mshazari zinazobeba vigae vya paa. Vigae vikipata moto, foili inalirudisha lile joto juu badala ya kuliacha lishuke chumbani. Akamwelekeza kwa fundi mmoja, mtu wa Tanga, Mkristo, anayefanya kazi za nyumba huku miaka mingi.

Fundi alipokuja kupima sikumpenda. Hakuwa na kosa. Alimwamkia mama vizuri, "Shikamoo, bibi," akavua viatu mlangoni bila ya kuambiwa. Lakini aliuliza maswali. Mchana nani anakuwepo? Chumba hiki analala nani? Akapanda ngazi hadi tundu la dari, akapiga picha kwa simu kutoka hapo, akashuka. Nilimuuliza picha za nini.

"Za kazi, dada. Nijue ninunue mita ngapi."

Nikaitika, na alipoondoka nikazitoa bangili zangu kwenye droo nikazifukia kwenye kopo la unga.

Marobota ya foili yaliletwa na gari siku ya Jumatatu na yakakaa barazani mbele ya mlango kwa muda, yanang'aa. Jirani yetu wa kulia akatoka kuyatazama. Alikuwa mzee wa Kihindi, mkimya, anaishi na mwanawe na wajukuu. Kwa miaka tisa ujirani wetu ulikuwa wa kupungiana mikono na kusema habari ya mvua kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nimemwekea shaka tangu zamani, kwa kuwa nikianika nguo alikuwa akisimama upande wa pili wa ua kimya, hasogei, kama anasubiri kitu. Nilikuwa nikimwambia mume wangu, na baadaye mama, pale pale, kwa sauti, kwani nani angetuelewa, "Mzee wa jicho huyo kashatoka. Hebu zipange chupi ndani ya mashuka."

Siku hiyo akaniuliza kwa Kiingereza chake cha pole ni kitu gani kile. Nikamweleza. Akauliza kitawekwa wapi. Nikasema darini. Akauliza lini.

"Alhamisi," nilisema.

Akarudia, "Alhamisi," akaingia kwake. Nikajiuliza inamhusu nini.

Ilivyotokea, fundi alipiga simu Jumanne jioni kusema kazi yake ya kesho imevunjika, anaomba aje Jumatano. Mume wangu alikuwa zamu. Mimi nikaomba ruhusa kazini, maana sikuwa tayari kumwacha mtu nisiyemjua peke yake na mama.

Alikuja asubuhi. Akatandika shuka kuukuu kwenye zulia, akapandisha marobota, ubao wa kukanyagia, na mashine ya kupigia pini. Nilisimama chini ya tundu la dari nikisikiliza. Kwanza nilisikia pini: ta, ta, ta. Kisha ubao ukiburutwa. Kisha kimya. Kimya kikawa kirefu. Nilihesabu pumzi zangu. Nikasema moyoni, huyu kalala, au anapekua masanduku yetu.

"Fundi!"

Uso wake ukatokea kwenye tundu, umejaa vumbi na jasho.

"Dada," akasema polepole, "kwani hapa juu mnaishi na mtu?"

"Mtu gani?"

"Panda uone mwenyewe. Mimi sijagusa kitu."

Sikuwahi kupanda dari la nyumba yangu. Nilijifunga kanga kiunoni, nikapanda ngazi, naye akanishika mkono akanielekeza pa kukanyaga ili nisije nikatoboa dari la chini. Joto lilinipiga usoni. Upande wa mbele alikwishaanza kupigilia foili, na pale pakameremeta. Akanimulikia njia hadi nyuma ya dohani.

Palikuwa na kiti cha mikono, cha kitambaa cha kijani, kimelika kwenye pa kuegemezea. Chini yake kipande cha zulia. Pembeni ya kiti ndoo iliyofudikizwa, na juu ya ndoo chupa ya chai, kikombe chenye duara la chai iliyokauka, na gazeti lililokunjwa. Kiti kilikuwa juu ya chumba cha mama, sawasawa na kitanda chake. Niliinama nikasikia feni yake ikizunguka, na nikamsikia akijisemea pole pole, kama anavyofanya akiwa anakunja nguo.

Wazo la kwanza lilimwendea fundi, kwamba kaviweka yeye. Lakini nilijua hakupanda na kiti. La pili lilimwendea mume wangu. Zamu zake zile, kurudi kwake mchana mimi nikiwa kazini, kuapa kwake kwamba ameacha sigara. Na ile tochi yake iliyomulika kushoto na kulia isione kitu! Nilisimama kwenye joto lile nikamshuku mwanamume niliyelala naye miaka kumi na minane, na nilimshuku kwa urahisi mno.

"Angalia hapa," fundi alisema, akageuza taa.

Pale nyuma ya dohani, pasipoonekana kutoka tunduni, nilikotegemea kuona ukuta baina yetu na jirani, ukuta ulipanda kufikia magotini tu. Juu ya hapo palikuwa wazi. Nililiona dari lake lote: masanduku, baiskeli ya mtoto, mti wa plastiki, na mbao zilizopangwa vizuri kama njia, zikitoka kwake, zikipita juu ya kile kiukuta, zikiingia kwetu hadi kwenye kiti.

"Nyumba hizi za zamani ndivyo zilivyo nyingine," fundi alisema. "Waliojenga hawakuumaliza ukuta. Mwizi akiingia nyumba ya kona anaweza kutokea kwako. Na moto, usiseme."

Nikaliokota gazeti. Lilikuwa la maandishi ya Kigujarati.

Niliposhuka, mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake. Alinitazama nywele zangu zenye vumbi, akatazama uso wangu.

"Umemkuta?" aliuliza.

"Nimekuta kiti, mama."

Aliingia ndani akakaa kitandani. Nilimfuata nikapiga magoti mbele yake, nikamshika miguu, nikamwomba radhi. Alinipapasa kichwa mara moja tu, kisha akauondoa mkono. "Mwanangu," alisema, "nilishaanza kukuaminini nyinyi. Nilikuwa nikisikia hatua najiambia, huna akili bibi wewe, hakuna kitu. Hilo ndilo baya."

Mume wangu alirudi alasiri, bado yumo kwenye sare ya kazi. Alipanda, akaona, akashuka rangi imembadilika. Alitaka kuita polisi papo hapo. Fundi, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za chini anakula mkate wake, akasema kwa heshima, "Kaka, mngemuuliza kwanza. Polisi hawaondoki upesi wakishaingia." Mimi nilitaka polisi pia, lakini kabla yao nilitaka kumwona uso.

Tukaenda sote wawili. Aliyefungua mlango ni mzee mwenyewe, amevaa kanzu fupi nyeupe na sweta juu yake, kwa joto lile. Mume wangu akaanza kwa Kiingereza kikali: tumekuta vitu upande wetu wa dari.

Mzee akamwacha amalize. Kisha akasema, kwa Kiswahili:

"Ingieni ndani. Kiti ni changu. Nilikuwa nataka kukiondoa leo, kwa sababu mama huyu alisema Alhamisi."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Kiswahili chake kilikuwa kizito kidogo, cha Kenya, cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi, lakini kilikuwa safi. Miaka tisa ya maneno yangu uani ilinirudia yote kwa pamoja: jicho, chupi, mchele wa kwao unaonuka, mkwewe asiyejua kuvaa. Mume wangu alinigeukia kama kwamba mimi nilijua.

"Unajua Kiswahili?" nilisema, na swali lenyewe likawa la kipuuzi.

"Nimezaliwa Kisumu. Baba yangu alikuwa na duka pale. Nilikuja huku na miaka ishirini na saba."

"Na hukutuambia!"

"Siku ya kwanza mlipohamia nilitaka kusalimia. Nikasikia unazungumza juu yangu." Alitabasamu kidogo, kwa aibu, sijui yake au yangu. "Baadaye ikawa ngumu. Kila siku ikawa ngumu zaidi."

Tulikaa sebuleni kwake, mume wangu ukingoni mwa kochi kama mtu anayengoja kuitwa. Mzee akatueleza. Mwanawe alipohamia na familia, nyumba ilijaa. Watoto na michezo yao chini, mkwewe anafanyia kazi chumbani na simu masikioni. Mwanawe alikuwa ameweka ngazi ya kukunjwa ya kupandia darini, basi mchana mzee akapata desturi ya kwenda kusoma gazeti huko. Kiti kilikuwa upande wake. Mpaka siku moja, baada ya mama kuja kuishi nasi, mzee akasikia mwanamke anazungumza Kiswahili chini ya mbao.

"Mke wangu na mimi tulikuwa tunasema Kiswahili hapa nyumbani," alisema. "Tukitaka watoto wasielewe. Amefariki sasa miaka sita. Hakuna mtu wa kunisemesha. Nikasogeza kiti."

Aliposema hivyo niliona macho ya mume wangu yanalainika. Yeye ni mwepesi wa kulainika. Mimi moyo ulibaki pale pale. Mtu anaweza kuwa na upweke wa kweli na akawa mwizi pia, na kilichoibwa hapa kilikuwa maneno ya bibi mzee aliyedhani yuko peke yake na dada yake. Nikamuuliza alichokuwa akisikia.

"Habari za nyumbani. Karafuu. Mtoto wa dada yake aliyeoa. Mambo ya kawaida."

"Anampigia saa ngapi dada yake?"

"Saa tisa," alijibu bila ya kufikiri, kisha akainamisha kichwa.

Hapo ndipo nilipouliza lile nililokuwa nalo tangu asubuhi. "Ulisikia kwamba tunampeleka kupimwa akili?"

Huko juu mtoto alikuwa akikimbia.

"Nilisikia," alisema mzee.

"Ulijua ni kwa sababu ya hatua zako?"

"Nilijua. Siku ile nikashuka, sikupanda wiki mbili. Nilisema, nikiacha, hatasikia, mtamwacha." Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Halafu nikasikia uani ukisema kwamba ni maji yamemsaidia. Nikaona imekwisha. Nikarudi, nikatembea bila viatu."

Mume wangu akasimama. Kule kulainika kulimtoka. "Mzee," alisema, "mama yangu alikuwa aandikwe mgonjwa kwenye faili. Na wewe unatembea bila viatu."

"Ndiyo," mzee alisema. "Ni makosa yangu. Sina neno."

Tukaondoka bila ya kuaga. Hatukuita polisi. Tulijadiliana jikoni, mimi nikishikilia kwamba hajatuambia yote, mume wangu akishikilia kwamba mtu anayekubali kosa kubwa hivyo hana haja ya kuficha madogo. Jioni mwana wa mzee alikuja, amehamanika, hajui lolote, anaomba msamaha kila baada ya neno. Yeye na mume wangu walikubaliana fundi aumalize ule ukuta kwa bodi zisizoshika moto.

Fundi alikaa siku tatu zaidi. Nilikwishaacha kumsimamia. Alinionyesha kazi yake kabla hajaondoka: foili imepigiliwa kombamoyo kwa kombamoyo, imevutwa sawasawa, na chini pembezoni na juu kileleni ameacha nafasi ili hewa ipite, vinginevyo, alisema, baridi ikija unyevu utaganda humo na mbao zitaoza. Dari lote lilikuwa kama ndani ya pakiti ya majani ya chai. Upande wa jirani kulikuwa na ukuta wa kijivu, mzima. Niliugonga kwa vifundo vya vidole, nikaugonga tena. Mama alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba hiyo ni karatasi ya kuokea samaki na kwamba tumedanganywa, lakini joto lililofuata alilala mchana bila ya kitambaa kifuani, na akasema tu kwamba huenda siku hiyo jua halikuwa kali.

Mzee aliomba kuja kumtaka radhi mama. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu mama alisikia, akasema ni yeye anayetakwa radhi, si mimi. Akavaa kanga mpya, akajifukiza udi, akakaa kwenye kiti cha chumbani kwake ameunyoosha mgongo. Mzee alipanda ngazi zetu akishikilia ukuta, mfuko wa maembe mkononi. Nilisimama katikati yao.

"Wewe ndiye uliyenifanya mwendawazimu," mama alimwambia.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Mama hakusema amesamehe. Aliuliza, "Umesikia nini?"

"Mama?"

"Miezi yote hiyo. Umesikia nini? Nimesema nini?"

Mzee alinitupia jicho, mimi, mara moja, haraka. Mama aliliona jicho lile na mimi nililiona.

"Mkazamwanangu," mama alisema, "tuachie kidogo. Na mlango ufunge."

Nilishuka jikoni nikafungua maji nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Walikaa zaidi ya saa nzima. Mara moja nilisikia mama akicheka, kile kicheko chake cha kujiachia ambacho sikuwa nimekisikia tangu aje London. Mzee aliposhuka alinishukuru kwa ukarimu wangu, na sikuweza kujua kama alikuwa akinikejeli.

Nilitaka kuifuta ile tarehe ya kliniki. Mama alikataa. Alisema amekwishaandikwa, basi ataenda, na atatoka na karatasi. Nilimpeleka. Walimuuliza majina ya siku, walimchoresha saa, walimtajia vitu akavikumbuka vyote na akamsahihisha mkalimani neno moja. Barua ilisema kumbukumbu yake ni nzuri kwa umri wake. Aliibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku, mbele kabisa, ambapo lazima niione nikienda kuchukua maziwa.

Majira ya kuchipua yaliyofuata mzee alihamia Kenton kwa binti yake, ambako ana chumba chake mwenyewe chini na majirani wa Kisumu na Nairobi. Mwanawe aliniambia ndivyo ilivyo bora. Mimi nilisema kweli, na usiku huo nililala vizuri.

Lakini wana simu. Mama anampigia dada yake wa Wete saa tisa, kama zamani, na akimaliza anampigia mtu wa Kenton. Hilo nalijua kwa sababu sauti yake inabadilika, anachagua maneno, anasema polepole zaidi. Nimemuuliza mara moja wanazungumza nini siku zote hizo. Amenijibu kwamba ni mambo ya kawaida, na tangu siku hiyo, saa tisa ikifika, mlango anaufunga.